Chokaa Mlangoni Pangu

Jioni nilifunga mlango wa kihoteli changu ukiwa mtupu. Asubuhi nikaukuta na duara jeupe la chokaa. Mimi sikulichora, na karani wa baraza naye hakulichora.

Wadau, nina zaidi ya miaka tisini. Naongea kwenye simu na simu inaandika yenyewe, kwa hiyo ikikosea msinitukane mimi, itukaneni simu.

Haya yalinipata mwaka 1953, kwenye senta moja njia ya kwenda machimbo ya dhahabu ya Geita. Jina la senta silitaji. Wajukuu wa wahusika wamo humu humu mtandaoni, na wengine wana midomo.

Naitwa Paskazia, ila senta nzima iliniita Mama Limi, kwa jina la binti yangu. Mume wangu alikufa kwa homa, nikabaki na mtoto na kibanda cha nyasi cha kuuza chai, maandazi na viazi vya kuchemsha. Wachimbaji walikuwa wanashuka kwenye lori, wanapasha tumbo kwangu, wanaendelea na safari.

Kibanda kile ndicho kilikuwa ngao yangu.

Maana kule Samuye, ukweni, shemeji yangu Luhende alikuwa ananingoja. Alishakuwa na wake wawili na alitaka kunirithi niwe wa tatu. Alisema ng'ombe wa mahari walishatoka kwao, haiwezekani wapotee bure.

Mimi nilisema, "Mradi nakula jasho langu, sirudi."

Wazee wa ukoo wakanikubalia, lakini kwa sharti. Siku biashara ikifa, nafunga mzigo na kwenda kwa Luhende bila maneno. Kwa hiyo mnaelewa kwa nini nilikuwa nalinda kile kibanda kwa macho manne.

Sasa kulikuwa na huyu karani wa baraza, Eustace. Kijana wa Ushirombo, suruali imenyooshwa kwa pasi hadi unaogopa kumgusa. Alikuwa anakunywa chai kwangu kila asubuhi, na macho yake hayakutulia kwenye kikombe. Mara aangalie nguzo, mara aangalie paa.

Siku moja akaniuliza, "Mama Limi, banda hili lina upana gani?"

"Lina upana wa kukutosha wewe na chai yako," nikamjibu.

Akacheka. Mimi sikucheka. Mtu hapimi nyumba ya mjane kwa macho bila sababu.

Haukupita muda, siku ya mnada, baraza likatangaza mambo mapya. Senta inajengwa upya. Vibanda vya nyasi vyote vinabomolewa, zinajengwa safu za maduka ya matofali. Wenye biashara ndogo watapewa bati na mbao bila kulipa, na kiwanja cha mbele kwenye barabara. Karani atapita na chokaa, na baada ya wiki wakubwa watakuja kukagua. Mlango wenye alama ndio utakaosaidiwa. Usio na alama, mwenyewe atahamia nyuma ya ghala la pamba.

Nyuma ya ghala la pamba hapapiti lori wala baiskeli. Pale ungeuza chai kwa panya.

Watu waliguna. Jirani yangu Bartholomeo, fundi cherehani, ndiye aliyesema kwa sauti kile ambacho wote tulikuwa tunakifikiria.

"Bati bure? Hawa hawa wanaotufukuza porini kwa kodi ya kichwa leo watugawie bati?"

"Labda wamebadilika," akasema mtu.

"Ng'ombe wetu nao waliambiwa hivyo hivyo!"

Ninyi wa leo hamjui. Miaka ile kulikuwa na amri ya kupunguza mifugo. Ng'ombe aliyechaguliwa kuuzwa alikuwa anapakwa rangi nyeupe nyongani, na wenyewe tunaambiwa ni kwa faida yetu. Aliyepakwa hakuwahi kurudi zizini. Kwa sisi Wasukuma jambo lilikuwa halina mjadala: aliyepakwa nyeupe ndiye anayeondoka.

Mchana ule ule Eustace akapita na ndoo ya chokaa na brashi. Akachora duara usawa wa kichwa kwenye kila mlango. Alipofika kwangu akasimama. Akaangalia mlango, akaniangalia mimi, brashi hakuichovya.

Nikashukuru Mungu kimoyomoyo.

Lakini badala ya kwenda zake, akazunguka na ndoo nyuma ya banda langu na kuiweka chini.

"Mama Limi, naiacha ndoo hapa. Na brashi imo. Kesho nitaifuata."

"Kwa nini hapa? Ofisi si ipo?"

"Nimechoka kubeba."

Ofisi yenyewe ilikuwa pale pale ng'ambo ya barabara! Nikajua huu ni mtego. Mali ya serikali ikipungua hata kidogo, napelekwa barazani mimi, na kibanda kinakwenda. Nikamwambia Limi asikanyage kule nyuma. Mimi mwenyewe nilizunguka mbali kama pamelala nyoka.

Jioni watu wote wakaanza kusugua milango yao kwa maji na mchanga. Senta nzima ilikuwa inasikika kama inasugua sufuria la ugali.

Luhende naye alikuwepo, alileta ng'ombe mnadani. Akala kwangu, hakulipa, hiyo ilikuwa kawaida yake. Akasema kama walivyosema wengine, kwamba hawa waliopakwa kwisha habari yao. Akaaga kwamba anaondoka alfajiri.

Kesho yake asubuhi ndipo nikakuta ile alama.

Tena haikuwa juu kama za wenzangu. Ilikuwa chini, usawa wa kiuno, imekwenda upande.

Nikamwona Limi amekaa ndani anakula kiporo, nikafikiria Samuye, nikafikiria kupika kwenye nyumba ya wake wawili wasionitaka. Machozi yalinitoka, sifichi.

Bartholomeo akatokea kunywa chai. Alipoiona akashika kichwa.

"Mayu wee! Osha haraka kabla jua halijapanda!"

"Siogopi jua. Nani kaiweka?"

"Utajuaje? Wewe osha tu!"

Sikuosha. Mama yangu alinifundisha, na kila Msukuma wa rika langu anajua: kitu kilichowekwa mlangoni pako na mkono usioujua hukigusi. Ukikiosha, umekipokea. Unakiacha pale pale, kwa sababu aliyekiweka lazima atarudi kuangalia kama kimefanya kazi.

Wenzangu waliosha kwa sababu waliujua mkono wa karani. Mimi mkono wangu sikuujua.

Nikatundika gunia juu ya ile alama, nikaacha mlango wazi kama kawaida. Mtu pekee aliyeiona alikuwa Bartholomeo.

Halafu nikaanza kumfikiria Bartholomeo.

Mbona alinihimiza kuosha? Mbona vidole vyake vilikuwa na chokaa kwenye kucha? Kibanda chake kilikuwa nyuma ya changu. Changu kikiondoka, yeye anakuwa mbele barabarani. Alisema chokaa ni ya mlango wake alioosha, na inawezekana, lakini kuanzia siku ile nilimpa chai huku namwangalia mikono.

Eustace naye akaja kuchukua ndoo yake. Akaitoa brashi, akaigusa, ilikuwa bado mbichi. Akatabasamu mwenyewe, akanitazama, akaondoka na ndoo yake.

Lile tabasamu nililichukia wiki nzima. Nikawa na watu wawili wa kuwachunga, usingizi hamna.

Ikafika siku ya ukaguzi. Kabla wakubwa hawajafika, namwona nani anakuja na barabara? Luhende. Ana punda wawili, magunia matupu na kamba mpya.

"Mwangaluka, shemeji."

"Mwangaluka. Mbona umerudi upesi?"

Akaweka uso wa msibani. "Nimesikia wamekupaka alama. Nikasema siwezi kukuacha uhangaike na mizigo peke yako. Nimekuja kukuchukua."

Wadau, gunia lilikuwa bado limening'inia mlangoni.

"Umesikia kwa nani?"

"Watu wanasema."

"Aliyeiona ni mtu mmoja tu." Nikamgeukia Bartholomeo. "Fundi, umemwambia mtu?"

"Sijamwambia hata mke wangu!" Bartholomeo akaapa kwa mama yake na kwa Bikira Maria.

Nikamtazama Luhende. Jioni ile alikula kwangu, ndoo ikiwa nyuma ya banda. Nikakumbuka alama yenyewe ilivyokaa chini. Huyu maisha yake yote ameishi na ng'ombe. Hata alipopaka mlango aliupaka mahali ambapo nyonga ya ng'ombe ingekuwa!

Nilikuwa natafuta mchi nimpasue, ndipo mzee wa baraza akatokea na Eustace nyuma yake.

Mzee akaanza mlango wa kwanza. Akaangalia, hakuna kitu. Mlango wa pili, hakuna kitu. Akapita senta nzima.

"Karani, hukupita huku?"

"Nilipita, mzee. Kila mtu aliniona."

"Alama ziko wapi?"

Mwishowe Bartholomeo akasema, "Mvua, mzee."

"Mvua ya kiangazi?"

Hakuna aliyecheka. Mzee akatingisha kichwa. "Sina karatasi nyingine. Alama ndiyo hati yenyewe, na ninyi mmeifuta kwa mikono yenu."

Mimi nikawa nimeganda. Nilikuwa bado naamini mwenye alama anaondoka. Nikasema moyoni, gunia silitoi, nitakufa nalo.

Luhende ndiye aliyelitoa.

"Mzee! Huyu hapa ana alama, anaificha!" Akalivuta gunia na kulitupa chini. "Tazama! Mwondoeni, mimi ni shemeji yake, nimekuja na punda!"

Mzee akainama kutazama lile duara lililokwenda upande.

"Mbona iko chini hivi? Karani, hii umeiweka wewe?"

Nikamwangalia Eustace. Neno lake moja lilikuwa linatosha kunipeleka Samuye. Akaangalia alama, akaniangalia mimi, na lile tabasamu likarudi.

"Ni yangu, mzee. Mlango mfupi, na mama mwenyewe mfupi."

Senta nzima ikaangua kicheko. Mzee naye akacheka.

"Basi huyu ndiye wa kwanza. Kiwanja cha mbele ni chake. Bati na mbao zake ziko ghalani, azichukue leo hii."

"Bati?" Luhende akauliza. Mdomo ulibaki wazi, nzi angeweza kuingia na kutoka.

"Bati," akasema mzee. "Tulitangaza mnadani. Hukusikia?"

Mimi akili zikanirudia zote kwa mpigo mmoja. Nikaokota gunia langu, nikalikung'uta vumbi.

"Shemeji, si ulisema umekuja kunisaidia mizigo? Punda si hao?"

Mbele ya mzee wa baraza, mbele ya senta nzima, angesema nini? Alibeba bati zangu tangu asubuhi mpaka jua linazama, na mbao akazifunga kwa ile kamba mpya. Na chai ya siku ile nilimlipisha. Hakunitajia tena habari ya kurithi mpaka anaingia kaburini.

Wenzangu walihamia nyuma ya ghala la pamba, na ilichukua muda mrefu hadi baraza likawafikiria tena. Nilimwonea aibu Bartholomeo kwa jinsi nilivyomshuku. Nikampa kibaraza cha duka langu jipya aweke cherehani yake, akashonea pale mpaka uzee wake.

Lakini kisa hakijaisha.

Mvua za kwanza zilipoanza kupiga bati, Eustace akaja kunywa chai. Tukawa wawili. Nikamuuliza lile lililokuwa linanikaba.

"Karani, kwa nini ulidanganya kwa ajili yangu?"

"Amri ilisema alama ni za wanaolipa kodi ya kichwa," akasema. "Wanawake hamlipi kodi, kwa hiyo mkono wangu haukuweza kukuchorea mbele ya watu, ingawa mzee huangalia alama tu. Lakini nilikuwa nakiangalia kihoteli chako kila siku, nikaona ndicho kinachostahili kuliko vyote. Ndiyo maana nilikuachia ndoo na brashi."

Nikaweka birika chini.

"Nilijua wewe ni mjanja, utaelewa," akaendelea. "Na kweli ulielewa. Ila siku nyingine, Mama Limi, uchore juu kidogo!"

Akacheka mpaka chai ikampalia. Na mimi nikacheka. Nilicheka huku nalia, yeye akadhani ni furaha tu.

Sikumwambia. Amekufa akiamini nilikuwa mjanja.

Ukweli ni kwamba msaada ulilala nyuma ya banda langu usiku mzima na mimi nikauzunguka kwa woga. Mtu aliyetaka kunimaliza ndiye aliyeuchukua akanipaka. Angeniachia mwenyewe, leo ningekuwa nimezikwa Samuye, mke wa tatu.

Simwambii mtu aache kushuku. Dunia hii ukifumba macho wanakuhamisha nyuma ya ghala. Ila wajukuu zangu, ukishamaliza kumshuku karani, na jirani, na serikali, bakiza kidogo uishuku na shaka yako mwenyewe.