Kitabu Changu cha Kijani Kilinunua Nyumba ya Yaya

Admin, nifiche vizuri, maana ndugu zangu wote wako humu na ndio wa kwanza kukoment.

Mimi ni mama wa miaka 41, natokea Uvira, nashona nguo Fordsburg hapa Johannesburg. Nalea watoto wawili peke yangu. Nina ukaazi wa kudumu na kile kitambulisho cha kitabu cha kijani, na kwa Wakongomani wa hapa ukiwa nacho unaazimwa kama sufuria la harusi. Huyu anataka kukodi chumba, yule anataka laini ya simu. Narudishiwa kina alama za mafuta, nafuta, nakihifadhi.

Miaka sita iliyopita kaka yangu mkubwa, kwetu tunamwita yaya, alipata nyumba ya kununua. Yeye ana karatasi ya hifadhi ya ukimbizi, ile ya kupangia foleni kila mara kuongezewa muda, akaogopa kuandikisha nyumba kwa jina lake. "Mdogo wangu, ni jina tu," akaniambia. "Jina haliliwi." Nikasaini kwa wakili, nikanunuliwa soda, nikarudi kwenye cherehani.

Mwaka huu nikasoma kwenye gazeti nililofungia vitambaa kwamba serikali inamsaidia mtu wa kipato kama changu anayenunua nyumba kwa mara ya kwanza: inamwongezea pesa juu ya mkopo wa benki. Nikauliza, hata wenye ukaazi wa kudumu wanapewa. Nikapata nyumba Soweto, vyumba viwili. Benki ikakubali, ila mkopo haufiki bei. Ule msaada ndio ungefikisha. Wanangu walishagawana vyumba, kwa Kizulu, mimi wakaniachia sebule.

Dada wa ofisi ya msaada huo akabonyeza kompyuta, akanitazama kama mwizi wa kuku. "Eish, mama, mbona una nyumba tayari?"

"Si yangu, ni ya kaka yangu."

"Kaka yako anaitwa jina lako?"

Nikauliza, nikimrudishia je? Akasema hata niiuze kesho, ukishamiliki umemiliki. Yaani mara yangu ya kwanza niliitumia kwa soda!

Nikaenda kwa yaya. Kabla sijakaa: "Afadhali umekuja. Nahamia Kanada na familia, nyumba nimepata mteja. Ijumaa uje kwa wakili uweke saini."

Nikamweleza yaliyonikuta. Akacheka! "Si ulikuwa unapanga siku zote? Endelea kupanga. Kwani nimekuibia nini, jina si unalo bado?"

Nikamwambia sisaini mpaka anitolee, kutoka bei ya nyumba, kile nilichonyimwa serikalini. Kicheko kikaisha. Akapiga simu Uvira. Mama, ambaye hajanipigia tangu Krismasi, akanipigia mara nne asubuhi moja: "Unamdhulumu kaka yako?" Hakuuliza wajukuu zake wanalala wapi. Wanalala nyuma ya pazia, dukani ninaposhonea, pembeni ya mashine.

Kwa hati, nyumba ile ni yangu. Naweza hata kuhamia. Lakini jasho ni lake, na mimi si mwizi. Nikisaini, anapanda ndege na sitamwona tena. Nisiposaini, mama ameapa hatapokea simu yangu mpaka anazikwa.

Leo ni Jumatano. Msinitumie aya za uvumilivu, hizo ninazo za kutosha. Semeni waziwazi, hasa nyie mliowahi kuazima jina: Ijumaa nisaini au nisisaini?