Zamena Mfinyanzi Ahamia Uruk

Maji ya mfereji wa kijiji cha Garshu yalipungua mpaka samaki wakaokotwa kwa mkono, na mwaka uliofuata hata matope yalikauka. Mto Furati ulikuwa umejichimbia njia nyingine upande wa magharibi. Wanaume wa kijiji waliufuata kwa majembe, Lumma akiwa mbele, lakini mchanga uliziba kila walipochimba.

Zamena, dada yake Lumma, alikuwa mfinyanzi. Mitungi yake ilijulikana vijiji vya jirani kwa mbuzi weusi aliowachora shingoni. Mumewe alikufa kwa homa, akamwachia binti mdogo, Ninkala. Shayiri ilipokwisha, Zamena alimfunga mtoto mgongoni, akaaga kwamba anakwenda mji wa Uruk.

"Huko watu hawajuani," Lumma alimwambia. "Ukifa atakuzika nani?"

"Acha nile kwanza, kaka. Kuzikwa baadaye."

Alipata kazi katika karakana ya hekalu. Msimamizi, mama mmoja mnene aitwaye Dimtur, alimkabidhi kalibu ya kutengenezea mabakuli. Kazi ilikuwa kushindilia udongo uliochanganywa na makapi, kukata ukingo, kutoa bakuli, kuanza tena. Yalikuwa mabakuli ya kugawia wafanyakazi shayiri, mazito, yote yamefanana. Siku ya kwanza Zamena alichora mbuzi kwa ukucha.

Dimtur aliligeuza bakuli. "Na huyu nani?"

"Mbuzi."

"Anakula posho ya nani?" Wanawake wakaangua kicheko. "Mwenzangu, bakuli hili leo liko kwa mchimba mfereji, kesho liko jalalani. Mpumzishe mbuzi wako."

Zamena alicheka nao, ingawa ilimuuma. Lakini jioni alirudi na shayiri yake, na Ninkala akaanza kunenepa. Wenzake kazini walitoka vijiji asivyowahi kuvisikia, wengine kwenye mabwawa ya matete, wengine milimani, na hao wa milimani mwanzoni alielewana nao kwa ishara tu.

Miaka ikapita. Lumma naye akaja, amekonda, pamoja na watu wa mwisho wa Garshu. Mji ukampeleka kuchimba mfereji mkubwa.

"Kule tulikuwa tunachimba kama panya," alimsimulia dada yake. "Hapa ukigeuka, huoni mwisho wa watu."

Mfereji ulipofika mpaka mashamba ya Garshu, Lumma alikuja mbio, matope bado miguuni.

"Funga mizigo, dada. Tunarudi nyumbani."

Zamena sasa ndiye aliyesimamia joko la kuchomea mabakuli, na Ninkala alikuwa amechumbiwa na mfua shaba.

"Mwaka ule shayiri ilikwisha nyumba zote kwa pamoja," alisema. "Nani alikuwa na ya kunipa?"

"Hakuna."

"Hapa mashamba yakikataa, ghala lina ya mwaka jana."

"Na wenye ghala wakikunyima?"

Zamena alikuwa amewaona walionyimwa.

"Nitagombana nao," alisema. "Nimeshazoea kugombana na Dimtur."

Lumma akacheka, akaacha kumbembeleza. Aliondoka asubuhi na familia chache, wamebeba mbegu za hekalu ambazo wangezilipa kwa sehemu ya mavuno. Zamena aliwasindikiza mpaka nyumba za mwisho, akampa kaka yake mikate na samaki wakavu wa njiani. Kisha akageuka haraka, kwa kuwa siku hiyo joko lilikuwa linafunguliwa.