Machujio Yaliyokwisha Kupumuliwa

Jina la Mama Wembe alilipata mtaa wa maghala, siku alipozabana makofi na muuzaji aliyekataa bidhaa yake ifunguliwe.

Alikuwa ananunua kwa jumla machujio ya mashine za kusafishia hewa na kuyasambaza madukani. Mji wao ulikuwa wa vumbi, kiwanda cha saruji huku, machimbo ya mawe kule, na kila nyumba yenye mtoto mchanga au mgonjwa wa kifua ilikuwa na mashine inayonguruma kando ya kitanda. Chujio likiwa bovu, mashine inazungusha uchafu ule ule tu. Kwa hiyo sharti lake lilikuwa moja: katoni anachagua mwenyewe, na chujio linapasuliwa kwa wembe hapo hapo, mwenye mali apende asipende. La muuzaji yule alipolipasua, ilitoka pamba chakavu ya magodoro. Muuzaji akamzaba kofi. Mama Wembe akamrudishia mawili, na la tatu akampiga na fremu ya chujio lenyewe, pua ikachuruzika damu.

"Mke wangu," mumewe alimwambia jioni ile, akimkanda shavu kwa maji ya moto, "wenzako wanarudi na risiti, wewe unarudi na nundu."

Mumewe alikuwa fundi cherehani, mpole hata kwa nzi. Mdogo wake ndiye aliyeendesha gari la mizigo la Mama Wembe. Shemeji huyo alilelewa na Mama Wembe tangu akifungwa vifungo vya shati, na ndiye aliyeleta habari ya mzigo wa bei ya kutupa.

"Shemeji, hii ni bahati ya mtende," alisema. "Leo tu. Kesho wajanja watakuwa wameshabeba."

Wakaenda asubuhi. Mwenye ghala, waliyemwita Tajiri, alikuwa amewaandalia kiti, soda, na chujio moja jeupe pe ndani ya nailoni inayong'aa, pamoja na cheti chenye mhuri. Mama Wembe hakukaa. Alipita kiti, akapita soda, akainama kwenye rundo la nyuma ukutani na kuvuta katoni ya chini kabisa.

"Mama, usijichoshe," Tajiri alicheka. "Hayo yote ni ya mama mmoja."

"Watoto wa mama mmoja ndio wanaotofautiana."

Alilitoa chujio, akalipima uzito mkononi. Zito kupita kiasi. Akabonyeza mpira wa ukingoni. Ukabonyea na kubaki hivyo hivyo, haukurudi. Akawasha tochi nyuma ya chujio, mwanga ukapita kwa mabaka kama kwenye shuka iliyotobolewa na panya. Ndipo akapitisha wembe, akaikunjua ile karatasi iliyokunjwakunjwa. Juu ilikuwa nyeupe. Ndani ya mikunjo kulikuwa na unga mwekundu uliogandamana, na harufu kali ya rangi ya magari ikamchoma pua. Yalikuwa machujio ya gereji ya kupaka rangi, yamepulizwa weupe na kuvishwa fremu mpya.

"Haya yameshapumuliwa," alisema taratibu. "Mnataka kuwawekea watoto wachanga vitandani?"

Nje zilisikika sauti za wanunuzi wengine wakifika. Mama Wembe akapiga kelele: "Jamani, msinunue! Ni mabovu!"

Tajiri akasukuma komeo la mlango kwa ndani. "Mshike," alimwambia kuli wake, bonge la mtu lenye shingo kama gogo. Kuli akamkumbatia kwa nyuma, lakini kwa ulegevu, akimnong'oneza, "Nisamehe, mama, naganga njaa tu." Tajiri akampiga ngumi ya mdomo. Jino likang'oka. Mama Wembe akamtemea damu usoni, akachomoka mikononi mwa kuli, na wembe ukapita kwenye shavu la Tajiri kutoka sikioni hadi kidevuni.

Tajiri alilia kama mbwa aliyekanyagwa. Akanyakua nondo iliyoegemea ukutani.

"Shemeji, nisaidie!" Mama Wembe aliita.

Shemeji alikuja mbio kutoka upande wa pili wa ghala. Akaushika mkono wenye wembe, akaukamata kwa mikono yake miwili. "Tulia, shemeji! Utaua mtu! Nilishakubaliana naye tuuchukue mzigo, tulia tu!"

Alishakubaliana naye. Mama Wembe alikuwa bado anamtazama machoni nondo ilipoteremka kwenye mkono ule ule aliokuwa ameushika. Mfupa ulilia kama kuni kavu. Shemeji akaachia, akarudi nyuma, na Mama Wembe akamtandika kichwa cha pua, akamwangusha juu ya makatoni.

Kuli ndiye aliyefungua komeo. Mama Wembe alimwona kwa macho yake. Lakini wanunuzi na makuli wa maghala ya jirani walipomiminika ndani walimwona mama amelowa damu, mkono unaning'inia, na bonge la mtu limesimama mlangoni. Hawakuuliza. Wa kwanza alimpiga tofali la kisogo, wa pili akamkanyaga mbavu, na waliofuata hata hawakujua wanapigania nini. Tajiri alijipenyeza mlango wa nyuma, akachukua gari la Mama Wembe na kutokomea nalo.

"Siye! Siye huyu!" Mama Wembe alipaza sauti, hakuna aliyesikia. Maisha yake yote Mama Wembe hakuwahi kuomba ugomvi usimame. Akajitupa juu ya kuli, akafunika kichwa chake kwa kifua, na mateke mawili yakampata yeye mgongoni kabla mtu hajapiga ukelele, "Mtaua mama wa watu!"

Polisi walipofika, kuli alikuwa anapumua kwa kukoroma. Aliishi. Sikio la kushoto halikusikia tena. Mama Wembe alimtembelea wodini kila siku bandeji zilipobadilishwa. Makatoni yalichomwa moto kwa amri ya serikali. Tajiri hakuonekana tena, wala gari. Wengine walisema kavuka mpaka, wengine kwamba kidonda cha shavu kilimwozea.

Mkono ulipona umepinda. Siku ulipotolewa plasta, shemeji alibisha hodi, pua imekaa upande.

"Sikujua atakupiga," alisema mlangoni. "Wallahi, shemeji. Nilitaka yaishe."

Mama Wembe alimzaba kofi kwa mkono wa kushoto, akamzaba la pili, akamzaba mpaka pumzi zikamwishia na machozi yakamtoka. Shemeji hakuinua hata kiwiko kujikinga.

"Mimi nimemaliza," Mama Wembe akasema, akisogea kumpisha. "Ingia. Kaka yako yuko ndani. Hajala tangu asikie unakuja."

Ndani, yule fundi cherehani mpole alikuwa ameshasimama, anakunja mikono ya shati.