Mzee Niliyemponya kwa Kalamu

Nakumbuka siku moja nilimponya mzee wa watu pumu kwa kalamu ya bluu. Usinicheke kwanza, mwanangu, nitakueleza. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, katibu wa kwaya yetu pale Mabatini, na kwa kuwa ni mimi peke yangu niliyemaliza kidato cha sita, nilijiona nimemaliza na mengine yote.

Mwaka ule kanisa rafiki la Kanada lilitualika kwenda kuimba wiki tatu. Tulikuwa watu kumi na wanne, na hakuna hata mmoja aliyewahi kupanda ndege. Kati yetu alikuwemo Mzee Petro Bundala, mpiga ngoma, mkazi wa Kamanga, ng'ambo ya ziwa. Kila Jumamosi alivuka kwa feri kuja mazoezini, na katika mfuko wa shati lake havikukosekana vitu viwili: kitabu cha nyimbo na kile kikopo cha dawa ya pumu ya kuvuta kwa mdomo. Kwaya bila ngoma yake ilikuwa ugali mkavu.

Wenyeji wetu wakaandika kwamba hospitali za kwao ni ghali kwa mgeni, tusije bila bima ya safari. Nikatumwa mimi kwa wakala, dada mmoja mpole mwenye ofisi ghorofani, juu ya duka la vitambaa mjini. Alinieleza taratibu kama mwalimu wa darasa la kwanza. Ipo bima ya safari moja, inayoanza unapoondoka na kwisha unaporudi. Ipo ya mwaka mzima, inayowafaa wafanyabiashara wanaokwenda na kurudi kila mara. Unaweza kukata ya peke yako, au kikundi kikakatiwa kwa pamoja. Kisha akaja kwenye vinavyokingwa: matibabu ya ghafla ugenini, mizigo ikipotea, safari ikivunjika. Mwisho akasema, "Na hiki ni kipengele cha kurudisha mwili nyumbani, ikitokea mtu amefariki."

Hapo nikaweka mkono juu ya karatasi. Kwetu, mwanangu, mtu akifunga safari hatajiwi ugonjwa, sembuse jeneza. Nililelewa kwamba kutaja ni kuita. Nikamwomba akifute, akanitazama sana, akakifuta. Badala yake nikataka bima ya mizigo, tena ile kubwa kabisa, maana sare zetu za kitenge na zile ngoma ndizo tulizoziona roho yetu. Swali la mwisho la fomu liliuliza kama yupo msafiri mwenye ugonjwa wa muda mrefu. Nikawaza, wakisoma pumu watamkataa mzee, na bila mzee hakuna kwaya. Nikaandika: Hakuna.

Wenzangu wote wakatia sahihi, ikabaki ya mzee. Nikapanda feri kwenda Kamanga. Hilo daraja la Busisi mnalojivunia leo tulikuwa hatujaliota. Nilimkuta uani akiwamba ngozi mpya kwenye ngoma ya safari. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akafuta mikono, akaanza kuisoma fomu kwa kidole, mstari kwa mstari. Kidole kikasimama.

"Minza, huyu Petro Bundala asiye na ugonjwa ni nani?"

"Ni wewe, mzee. Niliogopa watakukataa."

"Kwa hiyo umeniponya kwa kalamu. Na kifua kikinibana kule kwenye baridi, hii karatasi itanipulizia?"

Akauliza mahali palipofutwa paliandikwa nini. Nikamweleza kwa kuzungukazunguka, mpaka akaelewa kwamba ni habari ya kurudisha maiti. Nilidhani atanishukuru kwa kumwondolea mkosi.

"Baba yangu kalala pale," akasema, akionyesha nyuma ya zizi, "na babu yangu yuko kando yake. Mimi nikifia ugenini, wewe utanileta na nini, mtumbwi? Kifo hakingoji kutajwa, mwanangu. Mficha maradhi kifo humuumbua. Karudishe mstari wangu, na pumu yangu uiandike."

Hakupandisha sauti hata kidogo, na ndiyo maana aibu iliniingia mpaka kwenye mifupa. Sikio halizidi kichwa. Feri ilikuwa bado haijaondoka, nikaikimbilia.

Dada wa bima hakushangaa kuniona. Aliniambia jambo ambalo ningelisikia mapema kama siku ile ningekwenda na masikio: ugonjwa wa zamani usipotajwa, kampuni inaweza kukataa kulipia chochote kitakachotokana nao. Ukitajwa, wanataka barua ya daktari na nyongeza kidogo, na wakikubali, shambulio la ghafla wanalibeba wao. Dawa zako za kila siku unajinunulia mwenyewe. Barua ya daktari ikapatikana, kile kipengele kikarudi mahali pake. Mfuko wa kwaya haukutosha vyote, kwa hiyo nikaiacha bima ya mizigo. Wenzangu walininunia wiki nzima.

Na kweli, sanduku la sare lilibaki njiani siku nne, na hakuna aliyetufidia hata leso. Jumapili ya kwanza tuliimba na makoti ya kuazima, mengine yakitufika magotini, nami nikaambiwa maneno ambayo wanakwaya hawapaswi kuambiana.

Jumanne Mzee Bundala akabanwa kifua. Alivuta dawa yake, akavuta tena, haikusaidia, na midomo ikaanza kubadilika rangi. Wenyeji wakaita gari la wagonjwa. Mimi nikapiga namba iliyokuwa kwenye kadi ya bima. Mama mmoja akapokea, akauliza kama mgonjwa alikuwa na pumu tangu kabla ya safari.

"Ndiyo," nikasema, "na imeandikwa."

Mwanangu, nimetamka mengi maishani, hata kiapo cha ndoa nimekitamka mbele ya kanisa zima, lakini sijawahi kusema neno kwa raha kama nilivyosema hilo "imeandikwa". Nikasikia akipekua karatasi. Kisha akasema hospitali itapigiwa simu sasa hivi, na malipo yasitusumbue vichwa.

Mzee alilazwa siku tano. Jumapili ya mwisho aliketi mbele na sare yake ya kitenge, akaipiga ile ngoma mpaka wale wazee wa Kanada, waliozoea kusali wametulia tuli, wakasimama na kuanza kucheza. Wale walioninunia ndio waliolia zaidi. Mimi niliimba mpaka sauti ikakauka, na sikujuta.

Tulipomrudisha Kamanga, ukoo mzima ulikuwa umefurika gatini kwa vigelegele. Alikataa kushikwa mkono. Akashuka kwenye feri kwa miguu yake, ngoma begani, kisha akageuka kunitafuta.

"Minza," akasema, "ule mstari wangu haukutumika. Karudishe dukani."

Aliishi miaka kumi na mmoja zaidi. Alipofariki, kitandani kwake, mimi ndiye niliyeandika wasifu wa kusomwa msibani, na pumu nikaiandika. Tukamlaza nyuma ya zizi, kando ya baba yake.

Sasa ninyi mnakata bima kwa simu, mnabonyeza "nakubali" hata kabla macho hayajafika chini. Haraka haraka haina baraka. Jiulize kwanza kama unakwenda mara moja au utakwenda mara nyingi, peke yako au na wenzako, ukate inayolingana na safari yako. Kinga mwili kabla ya sanduku, maana koti huazimwa lakini pumzi haiazimwi. Patafute pale walipoandika yasiyolipwa, upasome kwa kidole kama yule mzee, na usipoelewa uliza, kuuliza si ujinga. Wakikuuliza maradhi, sema yote. Na lile neno linalokutia hofu, hilo ndilo uliulizie kwanza.

Haya, nenda mwanangu. Mungu akutangulie huko uendako, akurudishe kwetu kwa miguu yako mwenyewe, na kila mstari ulioulipia urudi nao haujatumika.