Kitufe Kidogo Kwenye Mlango wa Dereva

Wakati wetu, dirisha la gari lilifunguliwa kwa jasho. Ulishika mkono wa chuma mlangoni, ukazungusha mpaka bega likauma, na kioo kikashuka kikilia kama mbuzi. Kwa hiyo Baba Mdogo alipofika kwetu mtaa wa Manyatta, Kisumu, na gari lenye vioo vya umeme, tuliacha mpira wetu wa makaratasi katikati ya njia na omena, dagaa wetu wa ziwani, ikapoa kwenye sahani. Gari lilikuwa limezeeka, mlango mmoja una rangi yake peke yake, lakini ukibonyeza swichi kioo kilipanda chenyewe. Mimi nilitaka kujua ni nani anayekivuta huko ndani. Nilibonyeza mpaka Mama akasema, "Hicho kidole chako kitatuletea msiba." Alisema akicheka.

Jumamosi magari yalioshewa ziwani. Dereva aliingia na gari lake taratibu mpaka maji yakafika nusu ya magurudumu, redio ikiimba, huku upepo ukileta harufu ya sabuni na samaki wa kukaanga. Jumamosi hiyo Baba Mdogo alituchukua mimi na dada yangu Atieno. Nilikuwa na miaka tisa, yeye mitano. Atieno alipiga magoti kwenye kiti cha nyuma, akatoa kichwa nje kutazama magugu yanayoelea, ndege mweupe amesimama juu yake kama abiria.

Nilitaka kuona kama kioo kina nguvu ya kumgusa shingo. Ni hivyo tu. Nilibonyeza swichi ya mlango wetu nikicheka.

Baba Mdogo alikuwa anashuka. Aliisikia mota ikinguruma, na bila kugeuka akabonyeza kitu kwenye mlango wake. "Acheni kuchezea dirisha, mtaniua betri." Tak. Akaufunga mlango, akaenda ufukweni kutafuta ndoo.

Kioo kilisimama. Kilisimama shingoni mwa Atieno.

Nilibonyeza kishuke, kikakaa palepale. Nikabonyeza tena kwa vidole viwili. Miguu yake ilianza kupiga kiti, na sauti iliyotoka kwake haikuwa kilio, ilikuwa kama maji yanayoishia kwenye bomba. Nilimwita Baba Mdogo. Redio ilikuwa na sauti kubwa kuliko yangu.

Sijawahi kuogopa hivyo tena, na nimelala sehemu nyingi mbaya tangu niache shule. Lakini masikio yangu yalibaki wazi. Redio inaimba, kwa hiyo umeme upo. Mota haingurumi hata kidogo, kwa hiyo umeme haufiki mlangoni kwetu. Na kabla ya kimya hicho kulikuwa na tak.

Nilirukia kiti cha mbele. Kwenye mlango wa dereva kulikuwa na swichi nne kubwa. Nilizibonyeza zote, vioo vingine vilishuka, cha Atieno hakikusikia, kwani swichi yake hapo mbele ilikuwa imekufa zamani. Chini ya swichi hizo kulikuwa na kitufe kidogo kilichozama kuliko wenzake. Nilikibonyeza. Tak, kikainuka; ndicho Baba Mdogo alichobonyeza kukata umeme wa vioo vya nyuma. Nikarukia nyuma, nikabonyeza, na mota ikanguruma.

Atieno alianguka mapajani mwangu na mstari mwekundu shingoni. Nyumbani nilisema kioo kilipanda chenyewe. Mama alimfokea Baba Mdogo mbele ya majirani, naye hakujitetea. Wiki ile ile alimuuzia gari mtu wa Kombewa. Alitembea kwa miguu miaka mingi, na sikusema kitu.

Mwezi uliopita nilikuwa napita Kisumu nikitokea Port Victoria, nilikokuwa nikishona nyavu. Atieno sasa ana gari lake, kuukuu pia. Akaniambia, "Omera, ndugu yangu, hebu angalia hii dirisha ya nyuma. Imekataa kabisa."

Binti yake Apiyo alikuwa ndani, ana miaka saba. "Anko, tutafute kwa simu tu," akasema. "Kuna mtu ataonyesha." Watoto wa siku hizi hata masikio wameiachia simu.

Niliwasha redio. Ikaimba. Nikabonyeza swichi ya nyuma. Kimya. Sikuhitaji bisibisi. Kitufe kidogo kwenye mlango wa dereva kilikuwa kimezama. Labda kilibonyezwa na kitambaa cha mwosha magari. Nilikiinua, kioo kikashuka vizuri, na palepale Apiyo akatoa kichwa nje.

Nilimwambia arudi ndani, nikapandisha kioo, nikakizamisha kitufe tena.

"Imekufa," nikamwambia Atieno. "Iache hivyo."

Alinitazama, mkono ukipanda shingoni wenyewe. "Imekufa kama ya Baba Mdogo?"

"Kama hiyo."

"Siku ile nilikusikia ukicheka," akasema polepole, "kabla kioo hakijapanda."

Alifungua mlango wa mbele. "Ingia. Tunaenda kwa Baba Mdogo. Utamwambia ukweli mwenyewe."

Wanasema vioo vya magari mapya vikigusa kitu hurudi chini vyenyewe. Ni vizuri, watoto wa wenye magari hayo watapona. Lakini mimi kila nikikuta gari lenye mkono wa chuma, huomba kuuzungusha kidogo. Kioo cha aina hiyo husimama pale mkono wako uliposimama.