Gari Lililozidiwa Kila Jumamosi

Mimi sifungui giaboksi ya mtu kabla sijapanda gari lake. Hapa Zarka, Jordan, wapo mafundi wanaompasua mgonjwa kabla hajasema anaumwa wapi, na wakishapasua hawakosi kitu cha kununuliwa. Mimi nauliza kwanza. Linasumbua likiwa baridi au likishapata moto? Mlimani au tambarare? Watu wananicheka kwamba nawahoji wateja kama kadhi kwenye kesi ya talaka. Wacheke tu. Nimewarudishia wengi magari yao bila kufungua hata boliti moja.

Mama Kusai alikuja Jumamosi asubuhi, na nilimsikia kabla sijamwona. Injini ilikuwa inalia kwenye gia ya kwanza tangu kona ya muuza mkaa. Ni mjane wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuwaita watoto kutoka ghorofani. Mumewe, Ghalib, alimwachia binti mmoja nyumbani, Rudaina, maana mwanawe Kusai anaishi mbali, na gari la otomatiki la Kijapani lililomzidi huyo binti kwa umri. Kwa gari hilo alipeleka biringanya zake za kusindika za mitungini Amman, duka hadi duka, na biringanya hizo ndizo zilizomwezesha kukaa nyumbani kwake bila kumpigia mtu magoti. Gari likifa, angerudi kulishwa na ukoo wa mumewe.

"Shemeji yangu anasema giaboksi imekwisha," aliniambia. "Nimekuja nisikie na wewe."

"Shemeji yako ni fundi?"

"Anajua magari."

"Hata kinyozi wangu anajua magari. Endesha wewe, mimi nakaa pembeni."

Tulipanda kilima cha soko la mboga. Gia ilikataa kubadilika mpaka injini ilipopiga kelele, kisha ikaingia kwa kishindo kilichonirusha kifua mbele. Tuliporudi, nikachomoa kijiti cha oili injini ikiwa inaunguruma, nikapaka tone kwenye karatasi nyeupe. Nyekundu, safi, haina harufu ya kuungua. Giaboksi iliyokufa haitoi oili ya namna hiyo.

"Lilianza lini?"

"Mwezi uliopita, Jumamosi. Nimewasha niende Amman, nikakuta liko hivi. Jumamosi iliyofuata likazidi. Na leo limezidi tena."

"Na katikati ya wiki?"

"Linabaki vilevile. Likifika Jumamosi ndiyo linazidiwa."

Nilicheka, na najuta kwamba nilicheka. "Mama Kusai, gari halisomi kalenda. Ijumaa kwako kunatokea nini?"

"Hakuna kitu. Shemeji Nayef anakuja kula, kama siku zote. Anafungua boneti, analitazama kidogo..."

Nilifungua boneti. Kwenye magari ya umri ule kuna waya unaotoka kwenye kabureta kwenda kwenye giaboksi, kuiambia umekanyaga mafuta kiasi gani. Waya una kishanga cha risasi, na mguu ukiwa haujakanyaga, kishanga kinatakiwa kukaa karibu kabisa na mdomo wa ala yake, mpira unaoufunika waya. Hiki kilikuwa kimeachana nao kwa upana wa kidole. Waya umekazwa, giaboksi inadanganywa kwamba dereva ana haraka siku zote, kwa hiyo inachelewesha gia. Nati mbili zilizoushika zilikuwa na kutu kila mahali isipokuwa kwenye kingo, ambako spana ilikuwa imepita juzijuzi na chuma kinang'aa.

Nilimwonyesha. Alitazama muda mrefu, kisha akanigeukia mimi.

"Nayef ndiye aliyemwosha mume wangu," alisema. "Alisimama mlangoni kwangu siku tatu akipokea watu, hakula. Wewe na grisi yako utamwita nani mwizi?"

"Sijamwita mtu kitu. Nasema nati hizi zimeguswa."

"Labda umezigusa wewe sasa hivi."

Nililegeza waya, nikarudisha kishanga mahali pake, nikamwambia azunguke mtaa. Alirudi uso umemshuka. Gia zilikuwa zinabadilika bila mtu kuhisi, na angefurahi zaidi kama zingegoma.

"Sikiliza," nilimwambia. "Ijumaa, kabla shemeji hajafika, chukua rangi ya kucha ya binti yako. Paka mstari mmoja, nusu juu ya nati, nusu juu ya chuma kilichoishika. Ndivyo sisi tunavyojua kama nati imezungushwa. Jumamosi njoo. Mstari ukiwa mzima, nitakuomba radhi barabarani, mbele ya muuza mkaa."

"Utaniomba," alisema. "Na utapiga kelele nisikie vizuri."

Wiki nzima nilikuwa natamani nimwombe radhi. Jumamosi nikakaa mlangoni na chai yangu, na nikasikia injini inalia kwenye gia ya kwanza tangu konani.

Alizima, akaingia, akakaa kwenye kiti cha wateja. Nikashika njia ya kwenda kufungua boneti.

"Usifungue," alisema. "Kaa, Fundi. Najua."

Alinisimulia kwamba Ijumaa alikuwa amechelewa kwa sababu ya kuosha mchele, kwa hiyo alipaka rangi ile nyekundu wakati watu wanatoka msikitini. Rudaina alimuuliza anafanya nini, akamjibu kwamba anamtia adabu fundi mmoja mdomo mrefu. Alipaka kwa furaha. Nayef akafika na kanzu yake nyeupe, rangi ikiwa bado mbichi, akasema kama kila Ijumaa, "Ngoja nimwone mgonjwa wetu," na Mama Kusai akaenda jikoni kupindua sufuria ya makluba, wali wetu wa nyama na mboga, juu ya sinia. Akasikia boneti ikifungwa, kisha maji ya kunawa.

Walikaa kula. Alimwekea nyama ya muundi, kama alivyomwekea tangu Ghalib afariki. Nayef akanyoosha mkono kwenye sinia, na pembeni ya kucha ya kidole gumba palikuwa na wekundu. Rangi ile haitoki kwa sabuni.

"Mungu amrehemu Ghalib," Nayef alisema akitafuna. "Angeona hali ya gari lake angelia. Giaboksi imekwisha, shemeji. Mwanangu Rakan anaoa mwezi ujao, acha alichukue hivyohivyo kama chuma chakavu, akuondolee usumbufu. Na wewe una haja gani ya kuzunguka na mitungi? Kwetu kuna chakula."

"Kula, shemeji," alimjibu. Mtu akiwa ndani ya nyumba yako na mkate wako mkononi, humkatishi.

"Angeniomba ningempa," Mama Kusai aliniambia. "Angesema, gari la kaka yangu, nalitaka kwa mwanangu. Ningelia, lakini ningempa. Mwezi mzima anakula kwangu, anatoka kwenda kunikaba koo, anarudi kunipa pole."

Ijumaa ile, chakula kilipoisha, akaleta kahawa. Kwetu kahawa chungu ya mgeni humiminwa kidogo tu chini ya kikombe, mafunda mawili, apate kuongezewa, maana kuongezewa ndiyo heshima yenyewe. Ukimjazia hadi ukingoni, hata mtoto anajua unamwambia nini: kunywa, uondoke. Katika nyumba ya Ghalib hakuna aliyewahi kujaziwa. Rudaina alisimama na vikombe mkononi, haamini anachokiona. Mama yake alimimina kwa dela, birika la kahawa, mpaka kikombe kikafurika kidogo kwenye kisahani.

"Nilikuwa namwombea aulize," aliniambia. Sasa ndiyo alikuwa analia. "Aulize tu, shemeji, mbona umejaza? Akasirike, anitukane, avunje kikombe changu. Asiyejua kosa lake angeuliza, Fundi. Akiuliza, ningesema labda rangi ameipata mlangoni. Ningekubali lolote."

"Akasemaje?"

"Alikitazama. Akakinywa chote, bado cha moto, akavaa viatu."