Nyanya ya Kuonja Jioni

Mtu akiniuliza achague nyanya ipi ndogo ya pinki kwa bustani ya nyumbani, humwambia aonje mwenyewe, na aonje asubuhi. Najua huo ni ushauri mbaya. Nyanya ya asubuhi imelala na baridi, haina la kusema. Inataka kuonjwa jioni, ikiwa bado na joto la jua la kutwa, na mmea wenyewe uwe umenyimwa maji siku tatu. Mama yangu alinifundisha hivyo kwetu milimani, nami nikaipeleka elimu hiyo Garissa pamoja na sufuria zangu na kiburi changu.

Mume wangu alikuwa mwalimu, akahamishiwa huko wakati wa vita vya mashifta, wapiganaji waliotaka eneo lile lijiunge na Somalia. Tulipewa nyumba ya bati karibu na mto. Mke wa ofisa mmoja wa Kizungu, akifunga mizigo kurudi kwao, alinipa bahasha ya mbegu zilizochanganyika. Nikazipanda nyuma ya nyumba, nikazitengenezea kivuli kwa mikeka. Kwa joto lile nyanya kubwa zilipukutisha maua yote. Zilizoshika ni zile ndogo, na katika hizo mimi nilizitaka za pinki. Menya nyanya nyekundu uone, ganda lake lina umanjano. La pinki ni jeupe, mwanga unapita.

Mwisho nikabaki na mimea miwili, mmoja kwenye ukuta wa bafu na wa pili langoni. Matunda yake ukiyachanganya bakuli moja huyajui kwa macho. Nilitaka mbegu za mmoja tu, ule wenye ladha. Nani wa kuniamulia? Mume wangu ukimpa nyanya atakwambia ni nyanya. Na ulimi wangu ulikuwa umekufa kwa vidonge vya malaria.

Mwenye ulimi alikuwa mama aliyetuletea maziwa, mjane Msomali mwenye mbuzi wachache na binti mmoja. Akionja maziwa alikuwa anakutajia mti aliokula mbuzi. Aliniita abaayo, yaani dada, nami nikamwita dada vilevile. Mwanzoni alinicheka mpaka akashika mbavu. "Abaayo, wewe nabebea majani maji, na mbuzi yangu iko na kiu!" Lakini nilipomtilia nyanya moja mkononi, aliacha kucheka. Aliitafuna polepole, akaomba nyingine.

Mwaka ule watu wake walikuwa wamehamishiwa ndani ya ua wa miiba nje ya mji, na walihesabiwa asubuhi na jioni. Njiani palikuwa na kizuizi cha askari, kikifungwa saa kumi na mbili. Ukikutwa nje baada ya hapo, huulizwi jina. Hilo mimi nililijua, tena vizuri sana.

Maziwa aliyaleta asubuhi. Nikamwambia asubuhi haifai, aje siku ya nne jua likishuka. Akasema, "Abaayo, kizuizi." Nikamwambia, "Ah, utafika tu, miguu yako ni ya swala." Alicheka. Alikuja kwa ajili yangu, si kwa ajili ya nyanya. Nilikuja kulielewa hilo baadaye sana.

Siku hiyo alionja ya ukutani, akasukutua mdomo, akaonja ya langoni. Akafumba macho. "Hii," akasema, akiigusa ya langoni. "Ile ingine tamu naisha. Hii nabaki mdomoni." Hapo ningemwacha aende zake. Lakini mimi mbishi, jamani! Nilimwambia arudie, nikampa akiwa amegeuka ili asione nimechuma wapi. Akapatia. Nikamrudisha mara ya tatu. Akapatia tena, akanipiga kofi la bega kwa furaha, kisha akatazama jua na uso ukambadilika. Ilikuwa saa kumi na mbili kasorobo, na kizuizi ni mwendo wa nusu saa.

Nilimjazia nyanya za langoni kwenye pembe ya mtandio, ampelekee binti. Akafunga fundo, akaondoka mbio. Nilisikia ndala zake zikipiga chini mpaka zikapotea. Nilikuwa nachemsha chai uliposikika mlio mmoja wa bunduki. Nikajiambia wanapiga fisi.

Asubuhi maziwa hayakuja, wala kesho yake. Siku ya tatu askari alibisha hodi, na nyuma yake alisimama yule binti, msichana wa kama miaka kumi na mitano. Askari akauliza yule mama alitoka kwangu saa ngapi. Mume wangu alikuwa nyuma yangu, nasikia pumzi yake. Kumweka mtu nyumbani hadi saa za kafyu lilikuwa kosa, na mwalimu alikuwa anaweza kufutwa kazi kwa kosa hilo.

"Saa kumi," nikasema.

Askari akaandika. Kama alitoka saa kumi, akasema, basi alikuwa na muda tele wa kufika kwake. Hakufika kwa kuwa amekimbilia porini kwa mashifta. Binti alinitazama usoni. Juma hilo hilo mbuzi wao walichukuliwa, kwa sababu nyumba yao sasa ilikuwa nyumba ya shifta.

Mimi niling'oa mimea yote miwili, nikaichoma. Kila jua likishuka nilisikia ndala. Naapa nilizisikia, na nikitoka nje sioni mtu. Mume wangu alisema ni homa, akaniongezea vidonge.

Mvua zikaja, zikapita. Miezi kadhaa baadaye nilipanda lori la shule kufuata kuni ng'ambo ya kizuizi. Lori likasimama kukaguliwa. Nikachungulia chini. Kando ya barabara, upande wa mjini, hatua chache kabla ya gogo la kizuizi, ulikuwapo mtaro wa maji machafu ya askari. Ndani ya mtaro, katikati ya magugu, mashina matatu ya nyanya yalikuwa yamesokotana, yamejaa matunda madogo ya pinki.

Garissa nzima hakuna aliyekuwa na nyanya ile ila mimi. Nilishuka. Nikachuma moja, nikaitia kinywani. Ulimi wangu ulikuwa umeshapona. Utamu ulipita, na nyuma yake kitu kikabaki, kikabaki. Mtu anayekimbilia porini haendi kizuizini. Alikuwa anarudi kwa binti yake, na alikuwa amebakisha hatua kama ishirini kufika kwenye gogo.

Nilichuma zilizoiva nikazifunga kwenye leso. Sikumwambia mume wangu. Nilikwenda peke yangu mpaka kwenye ule ua wa miiba, mchana kweupe, nikaomba kuitiwa binti. Alikuja amekonda, amesimama mbali nami. Nikamwonyesha nyanya, nikamwambia nilipozikuta. Halafu nikasema lile lililonileta.

"Mama yako alitoka kwangu saa kumi na mbili kasorobo. Mimi ndiye niliyemchelewesha. Pale mlangoni nilisema uongo."

"Najua," akasema. Kiswahili chake kilikuwa cha shule, kizuri kuliko cha mama yake. "Hooyo, mama yangu, aliniambia asubuhi ile anakuja kwako jua likishuka. Pale mlangoni nilikuwa najua. Nilikuwa nangoja wewe useme."

 

Akanyoosha mkono, akaichukua leso. Akala nyanya moja, akala ya pili. Alizila zote pale pale mbele yangu, taratibu, hadi ya mwisho. Kisha akaikunja leso, akanirudishia. Hakunikaribisha hata moja.